Nilikuambia Umepona

Mwanangu Nyamizi,

Barua hufunguliwa kwa kujuliana hali, lakini yako naijua. Umetoka hapa nusu saa iliyopita kwenda kuagana na shangazi yako, umevaa ile kofia pana ya buluu, na mpaka unakata kona ya kwa fundi baiskeli nilikuwa bado nakusikia ukicheka na simu. Hali ya kuulizwa ni yangu. Nimekaa kwenye kiti chako, mezani kwako, nimeshika kalamu yako, na mama yako ameweka kigoda mlangoni anachambua mchele. Anasema hapiti mtu hapo mpaka niwe nimeandika. Anatania, ila kigoda hakitoki.

Mambo ya sabuni, ya mafuta ya kuzuia jua, ya kutokula chakula cha usiowajua na kutoazimisha madaftari, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu na atarudia mara ya nne ukiwa umeshapanda basi. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, nalo linahusu hapo juu ya nyusi yako ya kushoto, pale ulipopigwa taa. Nilikuambia umepona. Daktari hakusema hivyo. Nitakueleza alichosema, ila naomba unipe nafasi nifike huko taratibu, maana nikilikabili mara moja nitaacha kalamu na kwenda kuangalia kama kuku wamelala. Najijua.

Ulipozaliwa, mkunga alikufunika haraka, akamtazama mama yako kabla hajanitazama mimi. Mama yako akakufunua mwenyewe. Akaona zile nywele na ile ngozi, akaelewa kwamba una ualbino, akasema kwa Kirundi cha kwao Katumba, "Mwana wanje," yaani mwanangu, akakuweka kifuani. Mimi nilibaki nimesimama na kanga mkononi. Nilikupenda hapo hapo, na hapo hapo nikaogopa, na tangu siku ile sijajua vizuri kuvitenganisha hivyo viwili. Ilikuwa miaka mibaya kwa watoto wenye ngozi kama yako. Nilikupeleka shule kwa baiskeli na kukurudisha kwa baiskeli, mpaka ukaanza kuniomba nisimame mbali na geti ili wenzako wasinione.

Likizo nikawa nakuchukua kwenda kambini kwetu kwa warina asali, porini upande wa Inyonga, kwa akili yangu kwamba chini ya miti jua halitakupata. Lilikupata. Lilikuwa likipenya kwenye majani kidogo kidogo, kutwa nzima, na sisi tukiliita kivuli. Hilo nililijua baadaye sana. Wakati ule nilichokuwa nakiona ni mtoto wangu amejilaza kwenye mkeka chini ya mninga, macho nusu yamefumba, anasikiliza pori. Asubuhi za baridi, nyuki wakiwa wazito bado, nilikuwa nakubeba mabegani unaegemeza sikio kwenye mzinga wa tawi la chini. Nakuuliza, "Wanasemaje?" Unasikiliza mpaka mabega yananiuma, halafu unasema, "Wanapika, baba." Mama yako hajui habari hii. Akisoma hapa nitakuwa nimeshakwenda kisimani.

Mara nyingine nikikumbuka asubuhi zile siamini kama zilikuwepo. Moshi wa moto wetu haukuwa unapanda, ulikuwa unatambaa chini kati ya miti, na sauti zetu zilikuwa ndogo. Ulikuwa unalala nikiwa nazungumza na unaamka nikiwa bado nazungumza, na unanijibu kana kwamba hukupitwa na kitu.

Babu yako hakunifundisha mengi kwa maneno. Alinifundisha kwamba sega lililozibwa kwa nta limeiva, na lisilozibwa uliache. Mrinaji mwenye haraka anavuna lisilozibwa, asali yake inachacha, na mteja hamrudii tena. Mimi sikuwa na haraka. Nilikuwa natazama nta tu. Ikifunga, nakata. Kanuni hiyo imenilisha tangu ujana wangu, imejenga hii nyumba ya Shanwe, imekusomesha wewe, na watu wamekuwa wakija kutoka Kibaoni kuulizia asali ya Baba Nyami. Kichwa kikavimba kidogo, sikatai. Nikawa mtu wa kutazama juu ya kitu na kujua ndani kuna nini.

Ulipoingia kidato cha tano kikatokea kile kigamba juu ya nyusi. Kidogo, chekundu, ukinawa uso kinatoa damu. Mama yako alisema siku ya kwanza kabisa, "Baba Nyami, huyu mtoto twende naye hospitali." Nikasema asali inaponya vidonda. Na inaponya kweli, hilo hata manesi wanajua. Nilikupaka asali safi ya mzinga wangu mwenyewe asubuhi na jioni, na wewe ukawa unailamba ikikutiririkia puani. Baada ya wiki mbili ngozi ikafunga, laini, haina hata harufu. Nikamwita mama yako aje atazame. Nilimwambia, "Umeona? Kimeiva." Nilitumia neno hilo hilo.

Mwezi uliofuata kikafunguka. Nikapaka, kikafunga. Kikafunguka, nikapaka, kikafunga. Kila kikifunga nilikuwa na furaha mpya, na kila kikifunguka nililaumu vumbi, sabuni, mto wa kulalia. Mwaka mzima ulipita hivyo, mwanangu. Asali yangu haikukudhuru, ila ilikuwa inapendezesha juu, na mimi mtu wa kutazama juu nikaridhika. Mama yako aliacha kunisemesha habari hiyo. Nilidhani amekubali, kumbe amechoka.

Aliyekuokoa ni yule nesi aliyekuja mjini na watu wa kliniki ya ngozi kugawa mafuta na kofia. Alikugeuza uso kwenye mwanga mara moja tu, akauliza, "Hiki kina muda gani?" Wewe ukamjibu ukweli kabla sijafungua mdomo. Alitutazama wote wawili, hakunigombeza, akaandika barua ya rufaa kwenda Dar. Ningependa angenigombeza.

Safari ile unaikumbuka. Unaikumbuka upande wako, umefunikwa macho. Nikusimulie upande wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeona, na sijawahi kukueleza vizuri nilichokiona.

Walisema ni saratani ya ngozi iliyo juu juu bado, na kwamba pale hospitali wamekuja wataalamu wenye njia ya kuitibu kwa taa badala ya kukata, lakini kwanza lazima wapige picha ya mishipa ya damu. Nikafikiri watakuchoma sindano, watakutia rangi. Hawakufanya hivyo. Yule dada wa picha, Rehema, aliweka kitu mfano wa kalamu nene kwenye ngozi yako, akakwambia, "Usicheke, ukicheka picha inatikisika," na wewe hapo ndipo ukataka kucheka. Nilikuona midomo inavyokutetemeka.

Akaniita nisogee kwenye kioo cha mashine. "Mzee, njoo uone ndani ya binti yako." Aliniambia kwamba kalamu ile inatuma mwanga usiouma, unaingia chini ya ngozi na kurudi, na inapiga picha nyingi mahali hapo hapo. Kilichotulia kinabaki vile vile kwenye kila picha. Kinachotembea kinabadilika. Na chini ya ngozi, mtu akilala kimya, kinachotembea ni damu tu. Mashine inachora njia za kile kinachotembea. Nikamwuliza, "Kwa hiyo haihitaji kufungua?" Akasema, "Haifungui kitu, mzee."

Nikaona, Nyamizi. Upande wa ngozi nzima kulikuwa na njia nyembamba nyembamba, zinakutana na kuachana kwa mpangilio, kama vijia vya pori letu ukivitazama kutoka juu ya mlima. Pale penye kigamba njia zilikuwa nene, zimejipinda, zimejikunja, zinarudi zilikotoka. Rehema akapitisha kidole kwenye kioo. "Hizi zinalisha ugonjwa. Unaona zinavyofika mpaka huku? Kwa macho ungedhani umeishia hapa." Ugonjwa ulikuwa umezidi kile nilichokuwa nakipaka asali karibu mara mbili. Mwaka mzima nilikuwa napaka katikati, na pembeni, chini ya ngozi nzuri, ugonjwa ulikuwa unajitandaza. Nilisimama pale nikiwa na usingizi wa safari, chumba chenyewe giza, na ile picha inang'aa, nikahisi nimeingia mahali ambapo baba haruhusiwi kuingia. Nilitaka kukuomba radhi. Ulikuwa umelala na vile vitambaa machoni, unanong'ona, "Baba, vipi, napendeza huko ndani?" Nikakujibu unapendeza.

Wakachora mpaka wa ugonjwa kwa kuifuata picha ile. Wakakupaka dawa mpaka kwenye mstari, wakaifunika na plasta nyeusi, tukakaa saa tatu kwenye benchi tukisubiri dawa iingie kwenye zile seli mbaya. Halafu taa nyekundu. Niliruhusiwa kusimama karibu na mlango nimevaa miwani myeusi, nafikiri nilionekana mwizi wa kuku. Ukaniambia, "Maisha yangu yote nyie mnanificha jua, leo mmenilipia niwekwe chini ya taa." Nesi akacheka mpaka akashika ukuta. Dakika ya tatu ukaacha kutania. Ulisema inauma kama nyuki wengi mahali pamoja, wakakuwashia feni, ukanyoosha mkono bila kutazama, nikaushika. Ulikuwa mkono wa mtoto niliyekuwa nambeba mabegani. Nikaanza kukuhesabia majina ya miti, mninga, mkurungu, mtundu, na wewe ukawa unayarudia.

Sasa nimefika, Nyamizi.

Tuliporudi Dar baada ya miezi mitatu kukaguliwa, ngozi yako ilikuwa imefunga vizuri kuliko wakati wowote. Nilibeba ndoo ya asali kuwapelekea wale watu, nimeshaamua moyoni kwamba ni ya shukrani. Rehema akakupiga picha. Ulipomaliza ukasema unasikia njaa, ukashuka kantini na yule rafiki yako uliyekutana naye kwenye benchi la kusubiri. Daktari akaja akakaa, akazitazama picha mbili, ya kwanza na ya siku ile, muda mrefu.

Akasema sehemu kubwa mishipa mibaya imezimika. Akanionyesha, na kweli, njia zilikuwa zimerudi kuwa za kawaida. Ila kwenye kona iliyo karibu na nyusi kulikuwa na vijia vichache vimejipinda. Nitakuandikia maneno yake kama yalivyo, kwa sababu nimeyabeba miezi yote hii na hayajafutika hata moja. "Mzee, siwezi kusema ugonjwa umerudi, na siwezi kusema umekwisha. Ngozi ikipona nayo huota mishipa mipya, kwa hiyo hii inaweza kuwa ya kupona. Inaweza pia kuwa ya ugonjwa. Picha moja hainitoshi. Mleteni baada ya wiki sita tulinganishe. Ikiwa imetulia, nawaacha. Ikiwa imeongezeka, tunampiga taa tena ikiwa bado ndogo, na kazi inaisha. Msikae sana. Ikishuka chini, taa haitaifikia, itabidi tukate, na pale ni karibu na jicho."

Akasema, "Mwite binti, nimwambie mwenyewe. Ni mtu mzima." Nikamwambia, "Daktari, niachie mimi. Nitamweleza njiani." Akasema afadhali ulisikie kutoka kwake. Nikasisitiza, nikasema mtoto ana mtihani wa kidato cha sita mbele yake, mimi ndiye ninayemjua. Alinitazama, akasema, "Basi usiache kumwambia." Nikaapa.

Ulikuwa unapanda ngazi na maandazi kwenye karatasi. Ukauliza, "Wamesemaje?" Nilikuwa nimeyapanga maneno. Halafu ukauinua uso, na juani pale dirishani ile ngozi ilikuwa nzima kabisa, na wewe ulikuwa na unga wa sukari kwenye kidevu. Nikasema, "Daktari amesema umepona."

Uliyamwaga maandazi. Ukampigia mama yako hapo hapo kwenye ngazi, nikamsikia akilia kwenye simu, mama yako ambaye halii. Kwenye basi uliniegemea kutoka Morogoro mpaka sijui wapi, ukisema utafanya hiki na kile, utafundisha watoto wadogo, utaimba kwenye harusi ya binamu yako bila kujifunika kitambaa. Nikajiambia nitakueleza tukifika Tabora. Tabora ikapita umelala. Nikajiambia baada ya mtihani. Halafu baada ya harusi, na ulipoimba nilitoka nje nikasimama nyuma ya turubai. Halafu matokeo yakatoka, halafu ukachaguliwa chuo cha ualimu Sumbawanga. Wiki sita zimekuwa miezi saba. Hospitali walipiga kwenye namba yangu mara mbili. Nilipokea mara zote mbili, nikasema tunakuja.

Usidhani nilikuwa nimesahau. Kila asubuhi ukinisalimia "Shikamoo baba," nilikuwa naitikia nikitazama hapo juu ya nyusi. Laini. Imefunga. Na kichwani nasikia sauti ya babu yako, kilichozibwa kimeiva. Nilikuwa naegemea hiyo sauti kwa nguvu zote.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kambini. Nikashusha mzinga, nikakata sega lililozibwa vizuri, nta safi pembe zote, nikalivunja kwa vidole ili nionje. Ndani hakukuwa na asali. Kulikuwa na majana, watoto wa nyuki, weupe, wamejikunja, wanakua. Nyamizi, mimi nimelijua hilo tangu nikiwa na miaka saba. Kila mrinaji anajua kwamba nyuki huziba asali na huziba majana pia, na kwamba nta ya majana ina rangi nyingine na imeinuka kidogo. Ningeutazama ule mfuniko kwa makini nisingelikata. Nilikaa chini kwenye majani makavu na lile sega mkononi. Nyuki wakaniuma, sikuinuka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote, na pale hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo naota. Naota niko kwenye ile picha, natembea kwenye vile vijia, ni usiku lakini vinang'aa, na ninakutafuta. Ninakusikia unahesabu miti mahali fulani mbele. Njia zinanigeuza, nazifuata, zinanirudisha. Sijakufikia hata mara moja. Nikiamka naenda kusimama mlangoni kwako nasikiliza unavyohema, kisha narudi kulala.

Juzi nikamweleza mama yako. Alikuwa anasonga ugali. Aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akakaa. Ugali ukaungua, hakuinuka. Akaniuliza, "Mwenyewe umeshamwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi na mimi hujaniambia. Siwezi kujua habari ya mwili wa mtoto kabla yake." Tangu hapo nimejaribu mara tatu. Bombani, ulipokuwa unafua. Kwenye pikipiki, ukasema upepo unakuzuia kusikia. Jana ulipokuwa unakunja nguo, nikaishia kukuuliza kama una soksi za kutosha. Una soksi sita, umeniambia. Leo mama yako akasema kama mdomo umeshindwa, mkono si unao, akaleta kigoda.

Kama umekasirika hapa, kasirika. Haki yako. Nisingependa ukimbilie kunihurumia kwa sababu nimeandika vizuri.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya hivi, na jibu la haraka ni upendo, na jibu hilo linanipendezesha mno ndiyo maana siliamini. Nilikuogopea tangu siku ya kwanza, na mtu akiogopa muda mrefu anaanza kutunza hofu yake kuliko kumtunza mtoto. Nilitaka mimi nilale. Uso wako ukifurahi, mimi nalala. Ndiyo maana nilikuficha kivulini ambako hakukuwa kivuli, nikakupaka asali, nikakudanganya kwenye ngazi. Yote matatu, ukiyatazama haraka, yalifanana na ya baba mwema.

Sina mawaidha. Nina ombi. Habari za mwili wako zikufikie wewe kwanza, usimpe mtu azibebe njiani, hata awe mumeo siku moja, hata awe mimi. Daktari akisema umepona, mwambie akuonyeshe alichokiona. Ikae kwenye kioo cha mashine mbele ya macho yako, ile ya zamani na ile mpya, muulizane. Utaelewa, wewe uliyekuwa unasikia nyuki wakipika. Rehema alisema picha ile haimwambii mtu neno moja la mwisho, inaonyesha tu kama kinachotembea kinapungua au kinaongezeka, na watu wanaamua pamoja. Mimi nilitaka neno la mwisho. Nikalitunga.

Leo asubuhi nimempigia Rehema. Anakukumbuka, alicheka nilipokutaja. Nilipomweleza ukweli hakucheka. Amesema Alhamisi watakupokea, picha na daktari siku hiyo hiyo, na kwamba kuchelewa huku ni kubaya lakini ukienda sasa bado kuna la kufanyika. Nimempigia pia mwalimu wa chuo anayepokea wanafunzi. Amesema ukifika baada ya wiki mbili nafasi yako ipo, uje tu na cheti cha hospitali. Kesho alfajiri stendi kutakuwa na basi la Sumbawanga ambalo tiketi yake unayo, na kutakuwa na basi la Dar. Hilo la Dar sijakukatia. Nilishika simu nikakate, nikaiweka chini. Kukuamulia ndiko kulikotufikisha hapa. Ukisema twende wote, begi langu liko tayari nyuma ya mlango. Ukisema uende na mama yako, naye yuko tayari. Ukisema uende peke yako, nitakupeleka mpaka stendi na nitasimama mbali na geti.

Mama yako amemaliza mchele. Ameuliza nimefika wapi, nikamwambia karibu. Akauliza barua hii nitaiweka wapi. Nilikuwa nimeshapanga, nitaifukia katikati ya nguo zako kwenye begi, chini kabisa, uikute ukiwa umeshafika Sumbawanga, nikiwa mbali. Nilikuwa sijamjibu, akanitazama tu, na nikaona ninachokifanya. Nilikuwa naziba tena.

Kwa hiyo siiweki popote. Utakaporudi kutoka kwa shangazi yako, kabla hujavua kofia, kabla ya chakula, nitakupa mkononi na kukuomba ukae kwenye kiti hiki, na mimi nitakaa kwenye kigoda cha mama yako mbele yako. Sitatoka kwenda kuangalia kuku. Nitakaa kila ukurasa, hata ile sehemu ya ngazini, na nitakuacha uutazame uso wangu ukitaka.

Umefika mwisho sasa, mama. Inua macho. Niko hapa.

Baba yako